Mtambo wa kulainisha maji: pima kwanza, kisha amua ni mabomba gani yapitie humo

Swali: Nyumba yetu ya watu watano inatumia maji ya kisima kirefu yanayopandishwa kwa pampu hadi kwenye tangi lililo juu ya paa. Sabuni haitoi povu, nguo zinakakamaa, na hita ya maji ya kuoga imeunguza elementi mbili ndani ya muda mfupi. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue mtambo wa kulainisha maji wenye lita 25 za resini, yaani punje ndogo za plastiki zinazokamata madini ya majini. Mwingine anasema kifaa cha sumaku kinachofungwa juu ya bomba kinatosha na hakihitaji chumvi. Nichague kipi, na fundi akija kufunga nimsimamie katika mambo gani?

Jibu: Dalili ulizozitaja zote zinaelekea kwenye maji magumu, lakini hakuna hata moja inayokwambia ugumu huo ni kiasi gani, na bila tarakimu hiyo wauzaji wote wawili wanabahatisha. Nitaanza na kipimo, kwa kuwa ndicho kinachoamua ukubwa wa mtambo, kiasi cha chumvi, na hata kama unahitaji mtambo wa aina hiyo au wa aina nyingine kabisa.

Maji ya mvua hufyonza dioksidi ya kaboni hewani na hasa udongoni, yakapata uasidi hafifu, na yanapopenya kwenye mawe ya chokaa huyeyusha kalisi na magnesi na kuzibeba hadi kisimani. Yanapopashwa moto, dioksidi ya kaboni hutoka, na sehemu kubwa ya kalisi iliyokuwa imeyeyuka hugeuka kaboneti ya kalisi, ambayo haiyeyuki kwa urahisi, ikaganda mahali penye joto kali zaidi, yaani juu ya elementi yenyewe. Ukoko huo hupitisha joto kwa shida, kwa hiyo elementi hushindwa kuyapa maji joto lake, hupata moto kupita kiasi na hatimaye hukatika. Sabuni nayo hupatwa na jambo jingine: kalisi na magnesi hushikana nayo na kufanya utando mweupe usioyeyuka, na povu halitokei mpaka madini hayo yaliyomo kwenye beseni yawe yamemaliza sehemu yake ya sabuni. Utando huohuo ndio unaobaki kwenye nyuzi za nguo na kuzikakamaza.

Chukua sampuli mbili, moja moja kwa moja kutoka kisimani na nyingine kutoka kwenye bomba la ndani ya nyumba, uzipeleke maabara, na uombe vipimo vya ugumu wa jumla kwa miligramu za kaboneti ya kalisi kwa lita, chuma, manganizi, kloridi, na jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Kwa mgawanyo unaotumiwa sana, maji yasiyozidi miligramu 60 kwa lita ni laini, 61 hadi 120 yana ugumu wa wastani, 121 hadi 180 ni magumu, na yanayozidi 180 ni magumu sana. Vipo pia vifaa vya matone vya kupimia nyumbani, ambavyo unahesabu matone mpaka rangi ya maji ibadilike kutoka nyekundu hadi buluu. Nunua kimoja hata kama umekwenda maabara, maana utakihitaji siku ya kuwasha mtambo na kila mara utakapoutilia shaka.

Kloridi na jumla ya chumvi nimezitaja kwa makusudi. Maji ya kisima yanaweza kuwa magumu na yenye chumvi kwa wakati mmoja, na mtambo wa resini hauondoi chumvi. Kazi yake ni kubadilishana: chembechembe za resini zimeshikilia sodiamu, na kila zinapokamata kalisi moja au magnesi moja huachia sodiamu mbili. Jumla ya kilichoyeyuka majini hubaki karibu ileile. Kama maji yako yana ladha ya chumvi mdomoni, mtambo huu hautaiondoa, na kwa maji ya kunywa itabidi ufikirie mtambo mdogo wa osmosi kinyume, unaosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi, kando ya sinki la jikoni. Kwa sababu hiyohiyo, kile kipimo cha umeme cha mfano wa kalamu ambacho baadhi ya wauzaji huchovya kwenye glasi ili kuonyesha "ubora" wa maji hakifai kukagua mtambo wa kulainisha: kinasoma chumvi zote zilizoyeyuka bila kutenganisha kalisi na sodiamu, na kitaonyesha tarakimu karibu sawa kabla na baada.

Kuhusu sumaku, sitakushauri uinunue. Matokeo ya majaribio ya vifaa hivyo yamekuwa ya kupingana, na hata wanaovitetea hawadai kwamba vinatoa kalisi majini. Wanadai tu kwamba ukoko haugandi kwa ugumu uleule. Kwa kuwa lalamiko lako la kwanza ni sabuni, na kalisi itakuwa ingali majini, sabuni yako itabaki vilevile hata sumaku ikifanya kila kitu inachoahidi. Vichujio vya fosfati, ambavyo pia huuzwa kwa jina la vilainisha maji, vina manufaa kidogo ya kuzuia ukoko kwenye joto la wastani, lakini navyo havipunguzi ugumu.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Tuchukulie kwamba maabara imekupa miligramu 300 kwa lita, na kwamba kila mtu nyumbani kwenu anatumia lita 150 kwa siku. Watu watano ni lita 750, na hizo zimebeba gramu 225 za ugumu kila siku. Lita moja ya resini ikihuishwa, yaani ikioshwa kwa maji ya chumvi ili iachie kalisi na kushika sodiamu upya, kwa takriban gramu 100 za chumvi huondoa karibu gramu 45 za ugumu kabla ya kuchoka, kwa hiyo lita 25 zinaondoa gramu 1,125. Ukiacha akiba ya siku moja, mtambo utajihuisha kila baada ya siku nne, kwa kilo 2.5 za chumvi kila mara, yaani kama kilo 230 kwa mwaka.

Hesabu hiyo inadhani kwamba unalainisha maji yote, na hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi. Maji ya vyoo, ya bustani, ya kuoshea gari na ya kunywa hayana sababu ya kupita kwenye resini. Yanayonufaika ni yale yanayopashwa moto na yale yanayokutana na sabuni: hita, bafu, mashine ya kufulia na sinki la vyombo. Ukiyatenga hayo tu, matumizi yanaweza kushuka hadi kama lita 400 kwa siku, sawa na gramu 120 za ugumu. Mtambo uleule utajihuisha kila baada ya siku nane hivi, na chumvi itapungua hadi kilo 110 kwa mwaka. Chumvi isiyonunuliwa ni chumvi isiyomwagwa, na hilo lina uzito mahali ambapo maji machafu ya nyumba huishia ardhini. Kutenga mabomba kunahitaji kazi ya ziada ya fundi siku ya kwanza, na nyumba iliyojengwa kwa bomba moja lililofichwa ukutani inaweza kulifanya jambo hilo liwe gumu. Hata hapo, bomba la nje la bustani na bomba moja la jikoni karibu kila mara vinaweza kuwekewa njia yake.

Kwa lita 400 za siku, ukitazama ugumu peke yake, hata lita 15 za resini zingetosha. Lakini resini ina kikomo cha kasi pia. Maji yakipita haraka mno, kalisi hupenya bila kukamatwa, na kikomo kinachokubalika kwa kawaida ni kama mara 40 ya ujazo wa resini kwa saa. Lita 15 zinakupa lita 10 kwa dakika, ambazo ni bafu moja la manyunyu. Lita 25 zinakupa kama lita 16 au 17, ambazo ni mabafu mawili yakitumika pamoja. Kwa hiyo pendekezo la muuzaji wa kwanza huenda likawa sahihi kwa nyumba ya watu watano wanaoamka saa ileile, ingawa pengine yeye alilifikia kwa njia nyingine. Mwombe mtambo ambao valvu yake hupima maji yaliyopita na kujihuisha kwa kipimo hicho, wala si wa saa peke yake, ambao utamwaga chumvi hata mkiwa safarini. Muulize pia umepangwa kiwandani kutumia gramu ngapi za chumvi kwa lita ya resini. Ukipangwa gramu 240 badala ya 100, uwezo wa kila mzunguko huongezeka kwa kama nusu tu, ilhali chumvi huongezeka kwa zaidi ya mara mbili.

Kabla ya kufunga chochote, angalia mambo mawili ambayo kwa maji ya kisima na tangi la paa huharibu mitambo mingi kuliko ugumu wenyewe.

La kwanza ni chuma. Jaza ndoo nyeupe moja kwa moja kutoka kisimani, uiache wazi mpaka kesho yake. Maji yaliyotoka angavu yakigeuka ya rangi ya kutu, yana chuma kilichoyeyuka, ambacho resini hukikamata kama inavyokamata kalisi lakini hushindwa kukiachia chote, na taratibu huziba. Chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kutia madoa, na kiasi kikubwa zaidi ya hapo kitolewe kwanza, kwa kupitisha hewa kwenye maji na kuyachuja, kabla hayajafika kwenye mtambo. Usikubali kuambiwa kwamba mtambo "utakula" chuma pia. Utakula kwa muda, kisha utakuwa umenunua resini ya pili. Hata kama chuma ni kidogo, weka kichujio cha kuzuia mchanga na tope mbele ya mtambo.

La pili ni presha. Maji hupata takriban baa moja kwa kila mita 10 za kimo, kwa hiyo tangi lililo mita nne juu ya mtambo linakupa baa 0.4 tu, wakati valvu nyingi zinahitaji angalau baa 1.5 hadi 2. Upungufu huo haudhihiriki kwenye bafu peke yake. Valvu huvuta maji ya chumvi kutoka kwenye pipa lake kwa nguvu ya mkondo unaopita kwenye tundu dogo, na mkondo ukiwa dhaifu chumvi haivutwi, mtambo unazunguka usiku kucha bila kuhuisha kitu, na asubuhi maji ni magumu kama jana. Unahitaji pampu ndogo ya kuongeza presha, inayojiwasha yenyewe maji yanapoanza kutembea, baada ya tangi na kabla ya mtambo. Mafundi wengine hupendelea kuufunga kati ya pampu ya kisima na tangi ili wasinunue pampu ya pili. Siungi mkono mpangilio huo, kwa sababu kila tone la tangi linakuwa laini hata la chooni, na kwa sababu mtambo ukitaka kujihuisha wakati tangi limejaa na pampu imezima, hautapata maji. Kwa upande wa pili, presha isizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kijitabu cha mtambo, ambacho mara nyingi ni baa 8. Ikizidi, weka valvu ya kuipunguza.

Mahali pa kuuweka pawe na sakafu ya usawa, kivuli, soketi ya umeme isiyozimwa na mtu, na tundu la kutolea maji karibu. Uwe kabla ya hita, na maji ya moto yasiweze kurudi nyuma hadi kwenye resini. Valvu isiyorudisha maji huwekwa kati yao, na hapo hakikisha hita ina valvu yake ya usalama inayofanya kazi, maana maji yanayopanuka kwa joto hayatakuwa tena na njia ya kurudi. Kuzunguka mtambo fundi ajenge njia ya mchepuko yenye koki tatu, moja ya kuingia, moja ya kutoka na moja ya kuunganisha moja kwa moja, ili mtambo ukiharibika nyumba isikose maji. Mitambo mingi huja na mchepuko wake mdogo wa plastiki. Koki tatu za nje ni bora zaidi, kwa kuwa unaweza kuung'oa mtambo mzima.

Bomba la kutolea maji ya kuoshea ndilo hufanyiwa ujanja mara nyingi, na ndilo ningekuomba ulisimamie kwa macho yako. Lisisukumwe ndani ya bomba la maji machafu likaziba kabisa. Mwisho wake uning'inie juu ya tundu la kupokea kwa nafasi ya hewa inayoonekana, ili maji machafu yasiweze kufyonzwa kurudi kwenye maji safi. Lisikunjwe wala kupunguzwa upana kuliko kijitabu kinavyosema. Pipa la chumvi lina tundu lake la dharura la kufurikia, na bomba la tundu hilo lishuke kwa mteremko wake lenyewe, lisiunganishwe na lile la kwanza. Kila mzunguko wa lita 25 za resini hutoa kama lita 100 hadi 200 za maji yenye chumvi, na hayo yasielekezwe bustanini, kwenye miti, wala karibu na kisima, kwa sababu sodiamu na kloridi huua mimea na kuharibu udongo.

Jambo jingine ambalo fundi bomba anaweza asilifikirie ni umeme. Katika nyumba ambazo bomba la chuma limetumika kama sehemu ya ethi, yaani njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, kukata kipande chake na kuingiza mtambo wenye viungo vya plastiki hukata pia njia ya umeme. Mwite fundi umeme aunganishe pande mbili za bomba kwa waya wa ethi kabla mtambo haujawashwa.

Siku ya kuuwasha, fundi asafishe kwanza mabomba mapya kupitia mchepuko mpaka vipande vya plastiki na utepe viishe. Kisha afungue koki ya kuingia polepole sana, mtambo ukiwa kwenye hatua ya kuosha kwa kugeuza mkondo, ili hewa itoke na resini isibebwe kwa kishindo. Maji yanayotoka huwa ya rangi ya kahawia au manjano mwanzoni. Aache yatiririke mpaka yawe angavu. Kwenye pipa atie maji kidogo, na kipimo chake kinajulikana: lita moja ya maji huyeyusha kama gramu 360 za chumvi, hivyo kwa kilo 2.5 zinahitajika lita 7 hivi. Baada ya hapo atie vidonge vya chumvi vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Chumvi ya mawe isiyosafishwa huacha mchanga unaoziba tundu la kuvutia, na ile laini ya jikoni huganda kama tope. Aingize ugumu uliopimwa na saa iliyo sahihi, auendeshe mzunguko mmoja mzima, kisha wewe mwenyewe upime kwa matone kwenye bomba la bafuni. Tarakimu iwe karibu na sifuri. Usimlipe salio kabla ya kipimo hicho. Ikibaki juu, shuku kwanza koki ya mchepuko isiyofungwa vizuri, kisha bomba la kuingia lililounganishwa mahali pa kutoka, jambo linalotokea kuliko mafundi wanavyokiri.

Maji ya kunywa yaachwe magumu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya, na kalisi na magnesi ni virutubishi. Kwa maji ya miligramu 300, kulainisha kabisa kunaongeza kama miligramu 138 za sodiamu kwa kila lita, kiasi ambacho kwa mtu mwenye afya ni kidogo lakini si cha kupuuzwa kwa aliyeagizwa na daktari kupunguza chumvi, wala kwa maziwa ya unga ya mtoto mchanga. Lile bomba moja la jikoni lisilolainishwa linamaliza suala hilo. Maji yaliyolainishwa pia hayafai kwa betri, wala hayachukui nafasi ya maji yaliyotoneshwa.

Hita yako isafishwe kabla ya kuwekewa elementi ya tatu. Zima umeme, toa maji, kwangua vipande vilivyoanguka chini, na uloweke ukoko uliobaki kwa asidi ya sitriki au siki mpaka uache kutoa mapovu. Usichanganye asidi na dawa yenye klorini, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Tazama na fimbo ya anodi iliyomo ndani, ambayo huliwa na kutu badala ya tangi, uendelee kuikagua kila mwaka, kwani kwenye maji yaliyolainishwa huisha haraka zaidi. Joto lipange kama nyuzi 60: juu zaidi ya hapo ukoko huongezeka kwa kasi, na chini sana ya hapo bakteria aina ya Legionella huweza kustawi ndani ya tangi la hita.

Katika wiki za kwanza mtahisi ngozi inateleza kama sabuni haijatoka. Punguzeni sabuni ya kuogea na ya kufulia mpaka mfike kiasi kinachofaa, ambacho mara nyingi ni kidogo sana kuliko mlichozoea. Chumvi kwenye pipa isishuke chini ya theluthi. Ikiwa haishuki kabisa kwa wiki tatu, ingiza mti mrefu polepole: mara nyingi juu kumefanyika tabaka gumu na chini yake pana uwazi mtupu, na kulivunja kunatosha. Maji yakiwa na ladha ya chumvi asubuhi baada ya mzunguko, tazama kama bomba la kutolea maji limekunjika au presha imeshuka. Chembe ndogo za duara, za rangi ya kahawia, zikionekana kwenye kichujio cha bomba la bafuni, ni resini: geuza maji yapite kwenye mchepuko siku hiyohiyo na umwite fundi, kwa kuwa kikapu cha chini kinachozuia resini isitoke kwenye silinda kimepasuka.